Ukuta wa mto huanzia miguuni: Ya kujua kabla hujashangilia gabioni mpya mtaani

HEBU nikuulize swali rahisi. Ukingo wa mto huanguka saa ngapi?

Wengi mtasema ni wakati mvua inamwagika kama imeshikiwa ndoo, maji yamefika kwa daraja na kila mse amepanda juu na simu anarekodi. Ni kweli, kuna kingo huanguka saa hiyo. Lakini nyingi huanguka baadaye. Mvua imeacha, jua limetoka, watu wamerudi kwa keja kupangusa matope na kuanika godoro. Maji yameshuka, kila mtu anasema hatari imeisha. Halafu ardhi inakatika kama kipande cha mkate na kwenda na choo, mabati na kamba ya nguo ya mtu.

Huo si uchawi. Mto ukijaa, udongo wa ukingo hunywa maji mpaka ukawa mzito. Lakini wakati huo huo maji ya mto yanauegemea ule ukingo kutoka mbele, ni kama mtu amesimama hapo akiushikilia kwa mikono miwili. Mto ukishuka haraka, yule mtu anaondoka. Udongo unabaki mzito, umelowa, hauna wa kuushika, na chini yake tayari pamechimbwa. Lazima uanguke.

Kama unaishi Mathare, Korogocho, Mukuru, Kiambiu au Dandora, hili si somo la jiografia la kupitishia mtihani. Unakumbuka Aprili na Mei 2024. Mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 250 nchini. Mwishoni mwa Aprili serikali iliwapa watu wanaoishi kando ya mito na sehemu nyingine hatari saa 48 wahame, na mwezi wa Mei tingatinga zikashuka Mathare. Tangu hapo, mto umekuwa mradi. Kuna vijana walioingia Climate WorX kuanzia 2024 kusafisha mito ya Nairobi, na Machi 2025 Rais William Ruto akazindua mpango wa kuufufua Mto Nairobi.

Kwa hivyo utaona kazi nyingi kando ya maji: mawe, waya, simiti, miche. Mwingine wenu ataitwa kibarua hapo. Mwingine ataambiwa na landilodi, "Sasa hapa ni salama, wamejenga ukuta." Na hapo ndipo nataka tuongee. Mimi si injinia. Chuo niliachia njiani na sina cheti cha kukuonyesha. Lakini mambo ya ukuta wa mto hayahitaji digrii kuyaelewa. Yanahitaji ushuke uangalie chini.

Mto huchimba wapi?

Anza na kona. Ukiwa ndani ya matatu na dereva akate kona kwa mbio, wewe unasukumwa upande wa nje. Maji ni hivyo hivyo. Mto ukipinda, maji yenye kasi hukimbilia upande wa nje wa kona, yanagonga ukingo, kisha yanazama na kukwangua chini. Udongo unaobanduliwa hapo hubebwa, na sehemu yake hutua upande wa ndani wa kona nyingine mbele, mahali maji ni mapole. Ndiyo maana kila mto una upande mmoja mwinuko uliokatwa wima, na ng'ambo kuna kaufuo kadogo ambapo watoto hucheza. Keja iliyo juu ya ule mwinuko inapunguza ploti yake kila msimu, hata kama landilodi hajapunguza kodi.

La pili ni kasi. Maji yakienda mbio mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Hiyo tu ni noma. Lakini uzito wa jiwe ambalo mto unaweza kuliviringisha huongezeka mara 64. Mto uliokuwa unaweza kusukuma jiwe la kilo moja, ukiongezewa kasi mara mbili unaweza kusukuma la kilo 64. Gunia la simiti ni kilo 50. Sasa unaelewa kwa nini mto ule unaouruka kwa hatua mbili mwezi wa Februari unaweza kubeba gari mwezi wa Aprili.

Na jiji lenyewe linaupa mto mbio. Mvua ikinyesha msituni, majani na udongo huishika kwanza. Ikinyesha juu ya mabati, lami na paveno, haina pa kuingia. Inateremka yote mara moja. Mto wa Mathare unapokea maji hayo ndani ya muda mfupi sana, tena kwenye mkondo uliobanwa na nyumba na taka pande zote mbili. Maji mengi, njia nyembamba. Kasi lazima ipande.

Gabioni ni nini hasa?

Yale masanduku ya waya yaliyojazwa mawe unayoyaona kando ya madaraja na barabara ndiyo gabioni. Si kitu kipya. Huko Italia, kwenye Mto Reno karibu na Bologna, yalitumika kushikilia kingo mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo yanatumika dunia nzima kwa sababu nne za maana.

Kwanza, mawe yanapatikana karibu. Pili, kazi ni ya mkono, kwa hivyo vijana wa mtaa wanaweza kuifanya. Tatu, ukuta huu unakubali kujikunja kidogo. Ardhi ikititia, ukuta wa simiti hupasuka, lakini gabioni hukaa tu kama gunia. Nne, na hii ndiyo kubwa, maji hupita katikati ya mawe. Unakumbuka ule udongo uliolowa nyuma, mto ukishuka? Kwa gabioni, maji yaliyonaswa nyuma yana njia ya kutoka. Ukuta wa simiti usio na matundu ya kutolea maji huyafungia huko, na yanausukuma mpaka unainama.

Sanduku la kawaida ni mita 2 kwa mita 1 kwa mita 1. Likijaa vizuri linapita tani 3. Ukilitazama unasema hakuna mto wa kuling'oa.

Lakini mto hauhitaji kuling'oa. Mto hulichimbia kaburi na kulingoja.

Hufa kwa miguu, mgongo na ncha

Ukuta wa mto ni nadra kupigwa ukaanguka kwa kifua. Kuna njia tatu unazokufa, na zote hazionekani kwenye picha ya uzinduzi.

Ya kwanza ni miguu. Maji yakigonga ukuta, yanazama chini na kukwangua udongo pale ukuta unapokutana na sakafu ya mto. Kama sanduku la kwanza limewekwa tu juu ya matope, shimo litaingia chini yake na ukuta wote utainamia mtoni. Dawa yake ni mbili: kuchimba msingi uende chini zaidi ya pale mto unaweza kufika wakati wa mafuriko, na kutandika mbele ya ukuta godoro la mawe, yaani gabioni bapa linalolala juu ya sakafu ya mto. Wahandisi huliita godoro la Reno, kwa jina la ule mto wa Italia. Mto ukichimba ukingo wa godoro, godoro linajikunja na kufunika shimo. Ni akili sana. Pia ni sehemu ya kwanza kukatwa pesa zikipungua, kwa sababu iko chini ya maji na hakuna mheshimiwa atakayepigwa picha nayo.

Ya pili ni mgongo. Kati ya mawe na udongo lazima kuwe na chujio. Inaweza kuwa tabaka la changarawe, au kile kitambaa kizito kinachoitwa jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Bila hicho, kila mafuriko yakishuka, maji hutoka kwa mawe yakiwa na udongo kidogo. Msimu wa kwanza huoni kitu. Msimu wa tatu kuna pango nyuma ya ukuta, na juu ya pango kuna njia ambayo mtoto anapitia akienda shule.

Ya tatu ni ncha. Ukuta huanzia mahali na kuishia mahali. Kama umeishia ghafla katikati ya ukingo laini, maji yatazunguka pale mwishoni, yaingie nyuma na kuutenganisha na ardhi. Utaona ukuta mzima, haujavunjika hata waya mmoja, umesimama peke yake katikati ya mto kama msee aliyeachwa na matatu. Ncha zinafaa kukunjwa na kuzikwa ndani ya ukingo, au zifike kwa mwamba ama daraja.

Halafu kuna waya. Waya wa gabioni hupakwa zinki ili usipate kutu, na wa bei zaidi huvikwa plastiki pia juu. Mito yetu imebeba maji taka na uchafu wa viwanda, na hiyo ni sumu kwa zinki. Waya ule ambao ungedumu miaka mingi kwenye mto safi wa mlimani hauwezi kudumu vile Mukuru. Na tuambiane ukweli kama marafiki: waya ukikatwa ukauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma kuukuu, mawe yanatoka moja moja na ukuta unakuwa rundo. Aliyeuza anapata ya chapati. Jirani anapoteza nyumba.

Kama umeitwa kibarua

Hii ni yako wewe unayejaza mawe. Jiwe la gabioni lazima liwe kubwa kuliko tundu la wavu, la sivyo litatoka. Kwa wavu wa kawaida, mawe ya sentimita 10 hadi 20 ndiyo sawa, magumu, si yale yanayovunjika ukiyagonga. Usimwage kwa wilbaro kama unajaza shimo. Panga kwa mkono, hasa upande unaoonekana, na uzibe nafasi kwa mawe madogo ndani. Kila unapofika theluthi ya kimo, funga nyaya za kuvuta uso wa mbele na wa nyuma pamoja, ama sanduku litatoa kitambi. Sanduku lifungwe na jirani yake kwa waya kabla ya kujazwa. Kifuniko kifungwe mwisho, kote.

Hii ni kazi ya ujuzi, si kubeba tu. Mtu anayejua kujenga gabioni vizuri anaweza kuijenga kwa barabara, kwa daraja, kwa shamba la mtu Murang'a. Ukiwa hapo muulize msimamizi kwa nini hivi na kwa nini vile. Ujuzi huo utatoka nao hata mradi ukiisha na doh ikiisha.

Ukuta wako, mafuriko ya ng'ambo

Sasa hapa ndipo mambo huwa magumu. Ukiuzuia mto kuchimba upande wako, nguvu yake haipotei. Inahama. Itapiga ng'ambo, ama kona inayofuata huko chini. Jumba la kifahari huko juu likijijengea ukuta wa mita tano mpaka ndani ya mkondo, limebana njia, na maji yanapita hapo yakiwa na mbio zaidi kuelekea kwa watu wa mabati. Ukuta mmoja peke yake ni kama kusukuma takataka kwa mlango wa jirani.

Wengine walijaribu kumaliza maneno kwa simiti kila mahali. Mto Los Angeles huko Marekani una urefu wa takriban kilomita 82. Baada ya mafuriko makubwa ya 1938, sehemu kubwa yake ilivalishwa simiti chini na kando. Maji yalitii, yakapita upesi. Lakini mto ukageuka mtaro, na leo jiji hilo hilo linatumia pesa kujaribu kurudisha kijani.

Waholanzi nao, ambao wamejenga kuta za maji kwa karne nyingi, walishtuka mwaka 1995 walipolazimika kuhamisha takriban watu 250,000 mito ikitisha kupasua kingo. Hawakuongeza urefu wa kuta tu. Walianzisha mpango wa kuupa mto nafasi, katika sehemu zaidi ya 30. Huko Nijmegen, ukingo wa kuzuia maji ulirudishwa nyuma mita 350 na mto ukachimbiwa njia ya pili. Ndiyo, kuna familia zilihama. Lakini mambo hayo yalizungumzwa miaka, si saa 48.

Kwetu, nafasi ya mto iko hata kwa sheria. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Shida ni kwamba ukanda huo hukumbukwa tingatinga likifika kwa maskini, na husahaulika kibali cha jumba kikipigwa muhuri. Ukiniuliza, hapo ndipo uhandisi wa mto huanzia, kabla ya jiwe la kwanza. Mto ukipewa nafasi, kasi hupungua, na ile hesabu ya mara 64 inarudi upande wetu. Mto ukibanwa, hakuna waya utakaotosha.

Wala simaanishi watu wafukuzwe. Namaanisha anayehamishwa apewe pa kwenda, na ukanda ukishaachwa wazi upandwe, usigeuzwe maegesho ya mtu.

Mizizi nayo ni chuma

Mahali ambapo si kona kali, mimea inaweza kufanya kazi kubwa kwa pesa kidogo. Nyasi za vetiva, asili yake India, hushusha mizizi mita 3 hadi 4 moja kwa moja chini. Hupandwa kwa mstari, shina karibu na shina, zikawa kama ua. Haziweki mbegu za kusambaa ovyo, kwa hivyo hazigeuki magugu. Mianzi nayo hushika udongo kwa mtandao mpana wa mizizi. Korogocho, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza jaa la taka kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya watu. Kaa hapo dakika tano utaelewa kuwa kuulinda ukingo na kuwa na mahali pa kupumzika ni kazi moja.

Ila mimea ina masharti. Inahitaji msimu mmoja au miwili ya kushika kabla mafuriko hayajaijaribu, na pale mto unapochimba chini kwenye kona, mizizi pekee haitoshi. Hapo mafundi wazuri huchanganya: mawe miguuni, nyasi na miti mabegani. Na ukipanda nduma kwenye ukingo ukijiambia umepanda kijani, kumbuka kila unapoing'oa unalegeza ule udongo unaotaka ushike.

Shuka uangalie

Mradi ukija kwenu, una haki ya kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba stakabadhi za mradi wa umma, na kazi yoyote ndani ya mto inahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Usiende na kelele. Nenda na maswali matano.

Mguu wa ukuta umeenda chini kiasi gani, na kuna godoro la mawe mbele yake? Nyuma kuna chujio gani? Ncha zimefungwa wapi? Watu wa ng'ambo na wa chini wameambiwa nini? Na baada ya kontrakta kuondoka, nani atakuwa anaondoa taka na kurekebisha waya?

Akikujibu mara moja bila kutafuta maneno, mpe salamu zangu. Akianza kukuonyesha urefu wa ukuta na rangi ya bango, ujue jibu.

Halafu fanya kitu kimoja cha bure. Mchana kukiwa kukavu, simama mahali salama upande wa pili, piga picha ya mguu wa ule ukuta na uweke tarehe. Mvua za mwisho wa mwaka zikiisha, piga tena kutoka pale pale. Fanya hivyo tena baada ya mvua za Machi hadi Mei. Ukiona shimo chini, udongo umepungua nyuma, au ufa umetokea sambamba na mto juu ya ukingo, usingoje. Mwambie mzee wa mtaa, chifu, na wale mama wanaoishi pale juu, kwanza kabisa wale mama. Na mto ukishajaa kisha ukashuka, wakati kila mtu anasema imeisha, siku hizo mbili tatu usimruhusu mtoto yeyote kucheza ukingoni.

Udongo wetu ukishaingia majini huenda mbali. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga kaskazini ya mji wa Malindi, ambapo bahari hubadilika kuwa kahawia msimu wa mvua. Sehemu ya kahawia hiyo ni ploti ya mtu wa Mathare. Haitarudi.